Daftari la Mkono wa Kushoto

Mwaka mzima, kila asubuhi kabla ya chai,
nilitia kistari kwenye daftari la madeni ya duka,
ukurasa wa nyuma, ambako majina ya wateja hayafiki.
Saa tano ndani ya kopo la biskuti,
mkono mmoja wa kuzigombania.
Nilitaka kujua tu. Mtu aliyekaa miaka thelathini
kwenye mizani ya bandari huzoea kupima
hata kisichouzwa.

Ya mpira, nyeusi: siku mia mbili sitini na nane.
Sina la kuisifia.
Haiogopi pumba wala mashudu,
haiogopi ndoo ya maji ya alfajiri,
huoshwa pamoja na kiwiko.
Niliinunua Kariakoo nikisubiri chenji ya kitu kingine,
nayo imenizoea kuliko watu wengi.

Ile inayong'aa, ya Mtaa wa Kongo: thelathini na moja.
Jina lake kubwa, herufi moja imepungua.
Huivaa kwenye vikao vya harusi. Mwezi wa sita, Magomeni,
katibu alinitazama mkononi, si usoni,
akaniandikia ahadi ya laki tatu.
Bado ninalipa.

Ya dhahabu, ya kustaafu: moja.
Mgongoni wamechonga, *Kwa Bw. Msumari, kwa utumishi uliotukuka.*
Mimi ni Msumi.
Niliivaa siku ya kufuatilia mafao,
ili wanikumbuke. Binti wa dirishani akasema
mtandao uko chini, mzee, nenda urudi.
Nikaitazama. Ilikuwa sahihi kabisa, hadi sekunde.

Ya baba: tisa, zote mazishi.
Fundi Hirji aliondoa pingili mbili za mnyororo,
mkono wangu haukuufikia wake.
Pingili ninazo, ndani ya kiberiti.
Saa hii haina betri; hutembea ukitembea,
ukiilaza siku mbili inakata roho.
Basi kila msiba huikuta imesimama pale ilipoishia
baada ya msiba uliopita,
naitikisa, naisogeza mbele,
kama mtu anayemwamsha mgeni asijue aanze na habari gani.
Septemba tulizika Jumatatu, tukazika Jumatano.
Haikupata nafasi ya kusimama.

Siku hamsini na sita, mkono mtupu.
Jumlisha: mwaka umetimia, mizani imekubali,
na bado kuna safu ya tano.

Ya Rukaya: sifuri.
Ndogo, uso wake hauzidi kifungo cha koti.
Yeye hakukubali mshale uonyeshe saba
na mdomo useme moja.
"Saa yangu na ulimi wangu visigombane," alisema,
akaizungusha ifuate maneno yake.
Wauguzi wa Amana walimcheka.
Hakuibadili hata walipomlaza.

Hirji aliguna: niirekebishe?
Nikamuuliza, imetangulia saa sita
au imechelewa saa sita?
Akaigeuza, akaitia chini ya ile lenzi yake ya jichoni,
fundi wa miaka arobaini,
asijue.
Nikaichukua vilevile.

Mkanda wake haukutani kwangu, unaishia
pale mishipa inapoonekana.
Ila huitia ufunguo, mizunguko kumi na minane,
kila usiku jirani akishazima jenereta.

Usiku wa kufunga hesabu nilikaa na kalamu
mbele ya safu yake nyeupe.
Kuitia ufunguo, ndiyo kuivaa?
Huko bandarini tungesema: lori halijapanda mzani,
usiandike kitu.

Nikaiweka sikioni.
Kutoka chumba cha pili mjukuu akauliza, babu, saa ngapi?
Saa nne na robo, nikamjibu,
nikautazama mshale:
nao ulisema saa nne na robo.