Tundu la Begani

Bi Wailana Akana hakukaa.
Alilaza mbao za koa juu ya meza yangu,
mbao za kitanda cha mamake,
akasema: Niundie ukulele,
ila usiutoboe kifuani.

Nje, Hilo ilikuwa ikinyesha kama ilivyozoea,
mvua isiyo na haraka wala haya.
Nikadhani sikusikia vizuri. Nikauliza tena.
Akageuza kichwa, akanipa sikio la kushoto.
La kulia lilifia kiwandani, alisema,
miaka ishirini na sita ya mitambo ya kusaga miwa.

Nimetoboa vifua mia nne na ushei.
Duara, chini ya nyuzi, mahali pamoja:
mkono wangu unalijua duara hilo
kama ulimi unavyolijua pengo la jino.
Mara moja tu nilikaidi.
Nilishika keekee nikapiga matundu tisa madogo,
yakatawanyika kama matone kwenye kioo,
na kila aliyeingia dukani alishika kiuno, akasema lo!
mpaka alipoupiga.
Sauti ya mtu anayeongea na shuka kinywani.
Bado umetundikwa ukutani. Ni mkakasi wangu.
Wageni huupiga picha.

Usiku sikulala, nikibishana na hewa.
Hewa ni mpangaji mgumu:
mpe mlango mwembamba, atanung'unika kwa sauti nzito;
mpe mpana, atapayuka, atoke mapema.
Na ubao nao una yake.
Ukiukata katikati
umeukata palepale unapotaka kutetemeka.
Basi usipoukata?

Nikachonga mbavu nyembamba kuliko nilivyofundishwa.
Nikaupa msumeno bega la juu,
pale kidevu cha mpigaji kinapoinamia,
nikatoa kitundu kimoja, mfano wa jicho linalosinzia,
nikakilainisha kwa msasa hadi kidole kikateleza.
Uso nikauacha.
Mistari ya koa ikashuka toka shingoni hadi darajani
bila kukwaa shimo,
imenyooka kama kitanda kilichotandikwa na mtu mwenye hasira.
Binti yangu Kiyomi akaugeuza, akaugeuza tena:
Baba, umesahau mdomo.

Ijumaa walikuja wawili.
Mumewe, Herman, akakalia debe la vanishi, mbele yake,
mahali ambapo, nadhani, amekaa maisha yote.
Bi Wailana akapiga.
Herman akakunja uso.
Uko mbali, akasema. Kama unapiga chumba cha pili.

Yeye hakujibu.
Alikuwa ameinamisha sikio lake zima juu ya bega lile
na vidole vyake vikaanza kusita, si kwa kukosea,
bali kama mtu anayepita nyumba yake gizani
akigundua kwamba kuna ngazi.
Akarudia sauti moja. Akairudia. Akaiacha ife yenyewe.
Kumbe huwa inakaa hivi, akasema,
na hakuwa akisema nasi.

Mwamba ngoma, watu husema, ngozi huivutia kwake,
nao husema kwa kulaumu.
Niliitazama mikono ile yenye makovu ya miwa
nikajiuliza ni lini, na nani,
alipata kumvutia yeye.

Herman alikohoa. Akaburuta debe, likapiga kelele sakafuni,
akaketi ubavuni kwake, upande wa sikio lililokufa,
akapitisha kichwa shingoni mwake kwa shida, mtu mzima yule,
akitafuta kile kitundu.
Ah, akasema.
Sogea, akasema mkewe. Unaniziba.

Walipoondoka nilichukua ubao mpya na bikari.
Nikachora duara katikati.
Nikalifuta.
Nikalichora tena, dogo, kando kidogo,
nikabaki na penseli mkononi,
na bati la paa likinisomea mvua.