Hundi

Jina alipewa siku mkopo wa sako ulipoidhinishwa:
Hundi, Friziani wa Mama Vihenda,
lita ishirini na mbili siku akijisikia.
Jana jioni alizaa mtamba, hakuvutwa.
Leo alfajiri hainuki.

Nateremka kutoka Mbale kwa pikipiki, sanduku mgongoni,
na nikifika, kijiji kimeshapima na kuamua.
Jumba: ni kijicho cha nyumba ya pili.
Asava: amemeza mfuko wa plastiki, mtaona.
Kijana mmoja ameshika kisu, hasemi,
anatazama paja.

Sibishani. Napiga magoti kwenye samadi.

Naanza na masikio. Mimi daima masikio.
Baridi, kama sufuria iliyolala nje.
Pua kavu. Shingo imejikunja ubavuni
kama mtu aliyeulizwa deni akageuza uso.
Kipimajoto: thelathini na saba, na kitu kidogo.
Homa ya maziwa, twaiita,
na homa yenyewe haina joto.
Jina lilizaliwa likidanganya.

Lakini jibu la kwanza, alisema mwalimu wangu,
likaribishe uani; usiliingize chumbani.
Nafinya katikati ya kwato:
mguu unarudi, kwa uvivu, lakini unarudi.
Nakamua chuchu zote nne kiganjani:
dang'a zito la manjano, hakuna bonge, hakuna damu.
Nanusa pumzi yake. Haina ule utamu
wa pera lililoiva likapitiliza.
"Kondo lilitoka?"
"Saa tatu usiku. Tulilizika migombani."
Hata hivyo naingiza mkono hadi begani, nihakikishe.
Naweka sikio ubavu wa kushoto:
kinu kimeacha kutwanga.
Na moyo unakimbia, lakini mbali,
kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.

Basi ni yenyewe.
Chokaa ya mifupa yake ameimimina kiweleni
usiku mmoja, yote,
hakujibakizia ya kusimamia.

Chupa nimeipasha moto kwapani.
Sindano, mshipa wa shingo.
Polepole. Ukiharakisha, moyo husimama,
na mwenye kisu anapata kazi.
Mkono mmoja juu na chupa, mwingine mbavuni,
nahesabu, napoteza hesabu, naanza tena.

Ngozi inatetemeka kwanza.
Kisha anapiga mbweu, mbweu ya mlevi.
Kisha anaangusha kinyesi,
na watu wazima kumi na mmoja wanashangilia kinyesi.
Matako juu, magoti, tena magoti,
na Hundi amesimama, anashangaa tunatazama nini.
Kijana anafutia kisu suruali, anaondoka.

"Msikamue akaisha," nasema. "Leo mwachieni nusu."

Naosha mikono. Mlangoni pa jikoni
amesimama mkaza mwana, Kagai,
mtoto wa siku sita kifuani,
sweta, leso mbili, na jua la saa nne.
Anauliza habari za ndama.
Ananyamaza.
"Daktari, na baridi isiyotaka kutoka?"

Mimi ni wa mifugo, nataka kusema,
lakini mkono umeshatangulia.
Sikio lake linaunguza.
"Tangu lini?"
"Juzi."
"Nani amekugusa?"
Anageuza macho kule zizini, walikojaa watu,
wakimpapasa Hundi mgongoni,
wakimwita mama.

Sijui ya wanadamu. Najua tu
kwamba aliyezaa akitetemeka juani
haambiwi angoje kesho.
"Mama Vihenda! Acha hiyo chai.
Lete kadi ya kliniki, na shuka kavu."
"Ya nani?"

Gari la maziwa linapiga honi barabarani.
Nakimbia kulizuia, gambuti zimejaa samadi,
mikono juu,
kama nimeshika chupa bado.