Bakuli la Machi

Mwezi umeandama. Idwal ametoka na soksi tu miguuni,
ameegemea lango la zizi, anatazama magharibi,
juu ya mlima ule usio na mti hata mmoja.
Mwezi umelala chali, pembe zote mbili juu.
"Bakuli," anasema. "Limekaa sawasawa, maji hayamwagiki.
Kesho tuwatoe wana-kondoo."

Kisha anangoja.

Ng'ambo ya ukuta, dirisha lingekuwa limeshafunguka:
"Likiinama ndipo limekwisha kumwagika, kichwa jiwe wewe!
Hilo hapo linajaa. Usiku wa tatu litafurika.
Baba alisema."
"Baba alisema hivi nisemavyo mimi."
"Ulikuwa umesinzia."

Miaka ishirini na miwili nimeolewa kwenye bonde hili la Wales,
nimemsikia marehemu mmoja akisema mambo mawili.
Mimi ni Mererid, binti wa fundi saa,
nimelelewa mezani penye meno madogo ya shaba
na baba asiyekubali neno "karibu".
Kwa hiyo nilinunua kipimamvua,
nikakichimbia nyasini, mbali na matone ya paa.
Kila saa tatu asubuhi nachuchumaa, nasoma, naandika.
Milimita nne. Sifuri. Kumi na tisa, na theluji ndani yake.
Madaftari yako kabatini, chini ya vitambaa vya meza.

Miezi iliyolala chali, niliyoiona kwa macho yangu: hamsini na minane.
Mvua kabla ya siku tatu kwisha: mara thelathini na tatu.
Jua, au kile tunachokiita jua huku: zilizobaki.
Na ile iliyosimama wima, hesabu yake karibu ni hiyo hiyo.
Tena Machi hulala, Septemba husimama,
kila mwaka, kama mtu aliyezoea ubavu wake.
Mwezi haujui kwamba tuna kondoo.

Sikuwaambia.
Tangu wosia wa baba yao usomwe
na ule ukuta kujengwa katikati ya ua,
ndugu hawa hawakuwa na salamu,
hawakuwa na chai, hata Krismasi.
Mara moja kwa mwezi, kwa ajili ya mwezi, walisemezana.
Nani angekwenda na daftari
kuuziba mlango mdogo namna hiyo?

Februari tulimzika Tegwen.
Ardhi ilikuwa ngumu, sururu ikalia kama kengele.
Paka wake amehamia kwetu, ananusa samaki wetu na kugeuka.

Idwal bado yuko langoni.
Ubaridi lazima umeshapenya soksi.
Anatazama dirisha, anatazama mwezi,
halafu anasema, kwa sauti aliyoipandisha kidogo,
kama mtu anayejaribu kofia ya mwingine:
"Linajaa hilo. Usiku wa tatu litafurika."

Nimevaa viatu vya matope.
Nimekwenda kusimama upande wa pili wa ukuta,
penye ndoo yake iliyopasuka.
"Limekaa sawasawa," nikasema. "Halimwagi hata tone. Watoe."
Kimya. Kondoo mmoja akakohoa bandani.
"Nani kasema?"
"Baba yako."
"Baba yangu! Wewe ulimwona wapi?"
"Ulikuwa umesinzia," nikamwambia.

Tulibishana mpaka mlima ukaumeza mwezi,
mpaka akatoa neno la matusi
ambalo sijalisikia tangu Februari.

Wana-kondoo hatukuwatoa, wala hatukuamua kutowatoa.
Saa tatu asubuhi nikachuchumaa nyasini.
Chini ya kipimamvua palikuwa na unyevu,
haukufika mstari wa kwanza.
Mvua, au umande, sikuweza kujua.
Nikaandika tarehe,
mbele yake nikaacha nafasi.