Makaa Yasiyokaa

Sikudhani ametandaza daftari juu ya gunia tupu,
Tandika, nyuma ya soko, taa ya sola ikining'inia kwenye msumari.
Kazi ya jiografia: linganisha nchi mbili za Amerika ya Kusini,
uzalishaji na matumizi ya makaa ya mawe.
Chora nguzo nne. Eleza kwa sentensi tano.

Mimi napima. Kopo la rangi, la lita nne,
limebonyea lilivyobonyea, wateja wananijua.
"Makaa ya mawe si mkaa, mama," ananiwahi
kabla sijafungua mdomo.
Haya. Lakini jeusi ni jeusi, na mkono ni huu.

"Kolombia inachimba mlima mzima," anasema,
"treni hadi baharini, meli, kwaheri.
Kwenye magunia kumi, kwake labda linabaki moja."
Wanawasha taa kwa nini, sasa?
"Umeme wao mwingi ni wa maji."
Aa. Kinyozi hajinyoi.

Na huyo wa pili?
"Brazili. Anayo yake kule kusini,
machache, tena yamejaa majivu.
Viwanda vya chuma havishibi hayo.
Anaagiza. Mengine yanatoka kwa huyohuyo jirani."
Akanionyesha kwenye atlasi: mpaka wao ni msitu,
basi gunia linazunguka kwa bahari
kama mtu atokaye chumbani kwenda jikoni
kwa kupitia Kigamboni.

Nilicheka, kisha nikaacha.
Nilimkumbuka Bi Mwamvua wa Maneromango
afukiaye tanuri siku tisa, halali,
akichungulia lisitoboke moshi ukageuka moto,
na chai yake huichemsha kwa kuni.
Hata chenga ananiuzia.
Sufuria yake haijawahi kukalia mkaa wa mkono wake.

Na mimi? Tazama jiko langu:
vumbi la kufagia, nimelifinyanga kwa udongo na uji wa muhogo,
vidonge vinakauka juu ya bati.
Gunia zima hupanda ngazi za watu,
na watu wenyewe siku hizi wana mitungi ya gesi;
mkaa ni wa Jumamosi, wa nyama, wa kupiga picha.

"Yanaitwa makaa," nikamwambia, "lakini hayakai."
Akaandika.
Usiandike, hilo si jibu.
Akaandika.

Kibwana wa lori aliwahi kubeba ya Songea hadi Mtwara,
bandarini, meli ya wageni, mdomo wazi.
Nilimuuliza yanakwenda kuchomwa wapi.
Akasema, "Mimi nalipwa kwa safari,
silipwi kwa majibu."

Penseli ikaisha nguzo ya kwanza haijafika nusu.
Akaokota kipande cha mkaa, akaipaka Kolombia,
akapanda, akapanda, akakaribia kutoboa karatasi.
Pembeni yake matumizi: kifupi, kama kisigino.
Brazili kinyume, kisigino kwanza, mguu baadaye.
Nikamshikia ukurasa, upepo wa feni ya jirani usiuchukue.
Nguzo ya wanaokohoa je, inakaa wapi?
"Mwalimu ametaka nne, mama."

Ijumaa daftari limerudi. Nane juu ya kumi.
Wino mwekundu: *Kazi safi, ila chafu.
Alama ya dole gumba, matumizi ya Kolombia. Futa.*

Tumejaribu kifutio. Tumejaribu kipande cha mkate.
Sikudhani akajaribu mate, karatasi ikaanza kuota manyoya.
Nikamwambia aache.

Ile nguzo fupi kuliko zote
imerefuka kwa dole moja,
na dole lenyewe ni langu.