Na Likitoboka?

Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Mbele ya kibanda cha Fundi Mhina
nimelaza magurudumu sita juu ya gunia la katani,
na hata moja halina mpira.

"Mpira umeuacha wapi?"
Gundi ya pancha imemganda kidoleni.
Nikamwambia, Mirihi usiku, baridi yake
inaufanya mpira upasuke kama kigae.
Nikamwambia, hata hewa ya kujaza
kule ni ya kuokoteza.
Akakibandua kidole polepole.
"Na likitoboka, nani anaziba?"

Hapo nikakwama wiki tatu.

Hesabu ninazo, daftari zima:
uzito wa kule, theluthi na ushee ya uzito wa hapa;
bati la alumini, chini ya milimita moja,
maana kila gramu inayopanda juu
inalipiwa kwa moto.
Bati jembamba huchanika.
Bati nene halipai.
Kati ya hayo mawili kuna upenyo wa ukucha,
nami naupapasa gizani.

Tukaenda Pongwe, kwenye machimbo ya chokaa,
penye mawe yaliyopasuliwa juzi, bado yana makali.
Mzunguko wa arobaini, jino likapinda.
Mzunguko wa sabini, tundu.
Fundi akatia kidole mle,
kama atafutaye mwiba kwenye unyayo wa mtoto.
"Jiwe limekaa zake," akasema.
"Hili lako ndilo bishi."

Kisha akaondoka na glasi yake ya chai
kuvuka kifusi kwenda kivulini.
Mguu wake wa kushoto ni mfupi tangu ana miaka minne.
Nimemjua maisha yangu yote
na siku hiyo ndipo nilipomtazama anavyotembea:
goti linazama, nyonga inapanda,
upande mmoja unakopa, wa pili unalipa,
na chai
imetulia.

Usiku ule niling'oa springi zote.

Mkono mrefu ukashika gurudumu la mbele,
mkono mfupi ukabeba mawili ya nyuma,
kulia hivyo, kushoto hivyo,
na ufito mmoja ukavuka mgongo kuwafunga pacha hao:
huyu akiinuka, yule anainama,
tumbo linabaki katikati.
Mizani. Neno lile lile
la karanga sokoni na la mishororo ya shairi.
Spoki nikazipinda kama mbavu
ili zibonyee kabla bati halijachanika.

Jumamosi tukajaribu.
Jiwe lenye kimo cha gurudumu zima.
Juu ya chombo, glasi ya Fundi, imejaa pomoni.
Kilikwenda kwa mwendo wa kinyonga mwenye mashaka;
watoto wawili waliondoka, wakala maembe mabichi, wakarudi,
gurudumu la mbele bado linapanda.
La kati. La nyuma.
Chai ikatetemeka, ikajiwaza,
ikatoa tone moja.
Fundi akaliandika ukutani kwa chaki,
chini ya majina ya wadeni wake.

Halafu akachukua mkasi wa bati.
Sikuwahi kumzuia.
Akakata ngozi ya gurudumu langu zuri kuliko yote,
robo, nusu, akaacha ukingo wa ndani na mbavu,
akalirudisha mahali pake.
"Haya. Washa."

Likaenda. Vibaya, kwa kelele, likichechemea,
lakini likaenda,
na Fundi hakucheka wala hakuniangalia.

Jioni binti mmoja wa Makorora akaleta baiskeli.
Fundi akazamisha tyubu kwenye beseni,
akaizungusha taratibu,
na mapovu yakapanda kutoka mahali pamoja,
hapa, hapa, hapa.
Shilingi mia tano, dakika kumi.
Binti akapanda, akaenda zake.

Nilibaki na kijiti changu cha chaki
nikiyaonea wivu maji yale machafu.