Yatokanayo

Kikao kilipangwa saa tatu. Tumeanza saa tano kasoro,
ukumbi wa kupanga, Kisasa, Dodoma,
Jumamosi ya Agosti, upepo umeingia bila mwaliko
na vumbi limesaini mahudhurio kabla yetu.

Mimi ni katibu. Kazi yangu ni kuandika kilichosemwa.
Waliomo kwenye rejista: mia mbili na kumi na wanne.
Waliofika: thelathini na mmoja,
ukimhesabu mpishi, ambaye si mhandisi
lakini ndiye pekee mwenye uhakika wa malipo leo.

Udhuru.
Nyemo yuko Doha.
Kulwijila anauza bima Singida, ameandika: nisameheni, nina malengo ya mwezi.
Chiwanga anavuna zabibu Hombolo.
Amesema tusimsubiri, zabibu hazijui akidi.

Mwenyekiti, Mhandisi Kapalata, ameomba kupumzika.
Aliomba mwaka jana. Aliomba mwaka juzi.
Mtaani wanasema amekiganda kiti kwa gundi.
Mimi ninazo barua zake tatu kwenye faili
na nimechoka kuwaambia watu wafungue faili.

Ni ile ibara ya tisa:
mwenyekiti awe amekaa miaka kumi
kwenye kisima cha gesi au mafuta.
Humu ndani mwenye miaka hiyo ni mmoja,
na ndiye anayeomba kushuka.
Sisi wengine tulihitimu hapa hapa, kilimani,
tukasoma miamba kwenye grafu,
tukavishwa kofia ngumu kwa ajili ya picha.
Wenzangu walizirudisha.
Yangu ninayo, naiwekea vitunguu.

Hapo Lechipya Ndahani akanyoosha mkono,
yule wa nyuma, mwenye matope kwenye pindo la suruali.
Hajalipa ada miaka miwili. Kisheria hana sauti.
Akauliza: Kisima cha maji kinahesabika?

Wamecheka. Nimeandika: kicheko.

Akaendelea, bila ruhusa, bila kupandisha sauti:
Chali Igongo, mita tisini na mbili,
udongo umevimba, umelikaba bomba.
Mtambo wa kukodi, dizeli ya mkopo,
na akina mama wamepanga ndoo tangu alfajiri,
hawasemi kitu, wananitazama mikono.
Hicho nacho ni kisima, au nirudi nyuma nikakae?

Hapakuwa na kicheko cha kuandika.

Mwenyekiti akavua miwani.
Nilidhani atasoma ibara. Amekwisha kuisoma mara nyingi,
huisoma kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.
Badala yake akauliza:
Bomba uliliokoaje?

Nilifanya tope kuwa jepesi. Nikangoja.
Nikalizungusha robo, kulia, kushoto,
kama unavyomwamsha mtoto usitake alie.

Ulingoja muda gani?

Usiku kucha.

Mimi nilivuta, akasema mzee. Kule kisiwani, nikiwa kijana.
Nilivuta kwa nguvu, likakatika.
Miaka yote hii sijamwambia mtu.

Akanyanyuka kwenye meza kuu, akaenda nyuma,
akavuta kiti cha plastiki, wakaigeuza ajenda
wakaanza kuchora.
Watu wakawazunguka. Mpishi naye, na mwiko.
Hoja ya kubadili katiba ilikuwa bado mezani
na mezani hapakuwa na mtu.

Saa nane chakula kikapoa.
Kura haikupigwa: akidi haikutimia,
na mpendekezwa anadaiwa laki moja na ishirini.
Kapalata bado ni mwenyekiti. Barua ya nne ataiandika,
nami nitaipokea.

Nimeandika: hoja imeahirishwa.
Mengineyo: hakuna.

Ila kwenye faili nimeitia na ile karatasi,
ajenda upande mmoja, upande wa pili bomba,
limechorwa na mikono miwili,
wino wa bluu hadi mita hamsini,
mweusi kuanzia hapo kushuka.