Mchwa Hawali Chupa

Siku tuliyohamia Isevya, kitanda kikiwa bado juu ya mkokoteni,
Mama Kashindye alikwisha nieleza mambo ya bomba:
hutoka saa nane usiku, hukata kabla ya adhana,
tega ndoo, acha koki wazi, mlio utakuamsha.
Mkaa usinunue barabarani, wanajaza majani chini ya gunia.
Yupo mtu wa Sikonge hupita Jumanne na baiskeli,
hukohoa kabla ya kubisha hodi. Huyo ndiye.

Kalunde wa chumba cha nne akadakia:
na mwenye nyumba, kodi mpe mbele ya mtu.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba.
Hilo nalo walilitolea ushauri, kila mmoja na wake,
wakabishana juu ya asali, yafaa au haifai,
hadi wali wa Kalunde ukaungua.

Mtoto alikaa siku mbili.

Mume wangu alikuwa zamu Kaliua.
Nani alimpigia simu nani, sijui.
Niliporudi kutoka hospitali ua ulikuwa umefagiliwa,
vijinguo vimeanuliwa, vimekunjwa, vimewekwa
mahali ambapo sikuambiwa wala sikuuliza.
Sefu, fundi baiskeli, ndiye aliyechimba.
Hela alikataa. Alisema tu
kaburi fupi lina kazi kuliko refu,
jembe halipati pa kugeukia.

Siku ya tatu kifua kikajaa, kikawa moto.
Mama Kashindye akaja na kabichi na khanga kuukuu.
"Maziwa hayajapata habari," akasema,
akanifunga kwa nguvu, kama mtu afungaye mzigo wa safari.
Usiyakamue. Yakizidi kuuma, toa kidogo, nafuu tu.
Na jina, ukitaka kumpa, mpe.
Wapo watakaosema hajafikia jina.
Wasikilize mpaka mwisho, halafu mpe.

Mvua za kwanza hazijashika, tukaenda watatu, nyuma ya reli.
Njiani walinieleza kwa sauti ileile ya bomba na mkaa:
usisimike kibao, mchwa wa huku
hata mninga hawauogopi.
Saruji bado. Udongo wetu kichanga, haujatulia,
ngoja mvua ipite juu yake, udidimie,
ujazie, ungoje tena.
Chukua chupa, izike shingo chini, kitako juu.
Mchwa hawali chupa. Mbuzi hali chupa.
Ya kahawia itakupotea, tafuta nyeupe, ya soda,
hiyo jua la asubuhi linakuonyesha.
Kisha hesabu kutoka mkwaju uliopasuliwa na radi,
hatua thelathini na moja, kushoto nne.
Hatua zako, si za mumeo. Yeye ana miguu mirefu, atapitiliza.

Nilihesabu kwa sauti. Nikakosea, nikaanza upya.

Niliposimama, Kalunde alikuwa ameinama kwingine,
anafuta kitako cha chupa kwa ncha ya khanga,
kama mtu afutaye mdomo wa mtoto baada ya uji.
Na Mama Kashindye, karibu na reli,
alikuwa na zake mbili, zimekaa bega kwa bega.
Kashindye ni anayezaliwa nyuma ya pacha.
Hata mimi mgeni, mtu wa Njombe, nilikwisha ambiwa hilo.
Jina nililitamka kila siku, naazima chumvi, narudisha kinu,
sikuwahi kuuliza pacha wako wapi.

Tulirudi tukizungumza bei ya sukari.

Jana chumba cha saba kimepata mpangaji,
msichana mwembamba, tumbo mbele, ndoo mbili mpya.
Nimekwenda kabla hajafunga pazia.
Nimemwambia saa nane usiku, koki aiache wazi.
Nimemwambia Jumanne, mtu wa baiskeli, atakohoa.
"Na kingine, dada?" akauliza, kalamu mkononi,
maana alikuwa anaandika.
Nikatazama ukuta.
Nikamwambia mwenye nyumba, kodi ampe mbele ya mtu.